Bunduki ya Babu na somo la toleo lililokoma

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi imekuwa nyingi. Naandika programu za kupimia kahawa na maziwa kwa vyama vya ushirika hapa Meru, na msimu wa mavuno haumngoji mtu. Leo nataka kuweka kahawa kando niongee kuhusu bunduki. Ndiyo, bunduki! Msikimbie. Mkivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba bado niko kwenye mambo yetu yale yale ya kompyuta.

Babu yangu mzaa mama anaishi Runyenjes, Embu, upande wa juu karibu na msitu wa Mlima Kenya. Ana miaka 82. Chumbani mwake kuna sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, na ndani yake kuna bunduki moja ya kuwindia: Winchester Model 70, ile ya daraja la juu iliyoitwa Super Grade. Aliinunua mwaka 1974 kutoka kwa mkulima mmoja aliyekuwa akiuza mali yake ili ahame nchi. Wakati huo shamba la Babu lilikuwa likiingiliwa na nyati na nguruwe mwitu, akaomba leseni, akapewa. Cheti chake cha kwanza bado anacho. Karatasi imegeuka rangi ya chai.

Mwaka huu Babu aliniuliza swali ambalo limeninyima usingizi. "Mjukuu wangu, mimi nikiondoka, hiki chuma kitakwenda wapi?"

Nilidhani ni swali la sheria. Kumbe pia ni swali la kazi yangu.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kushika bunduki, na ni vyema hivyo. Bunduki hizi zinafungwa kwa komeo, karibu sawa na komeo la mlango. Unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma, ganda lililotumika linatoka. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia, unashusha mkono, mlango umefungwa. Risasi moja, kazi moja. Hakuna umeme, hakuna gesi inayosukuma vyuma, hakuna siri.

Ramani ya komeo hili aliichora Mjerumani Paul Mauser, na jeshi la Ujerumani likaipokea mwaka 1898. Ubora wake uko kwenye kipande kirefu cha chuma kilicho ubavuni mwa komeo, mfano wa ukucha. Risasi ikitoka tu kwenye kisanduku chake, ukucha unaikamata kitakoni na hauiachi mpaka ganda litupwe nje. Hata bunduki ikiwa imepinduliwa juu chini, hata mpigaji akisita katikati, risasi haidondoki wala ya pili haiingii juu ya ya kwanza. Sisi waandishi wa programu tungesema kwamba hali ya mfumo inajulikana kila wakati. Hataza za Mauser zilipokwisha, viwanda vya dunia nzima viliiga ramani ile. Rigby wa London walijenga bunduki zao juu yake. Winchester nao waliifuata kwa kiasi kikubwa walipotoa Model 70 mwaka 1936. Mnaona ninakoelekea? Kitu ambacho kila fundi anaweza kukisoma na kukiiga hakifi na kampuni iliyokianzisha. Ndiyo hoja ya programu huria, ila kwa chuma.

Babu alinifundisha kuifungua akiwa amekaa kwenye kigoda, mimi nimeshika tochi ya simu. Komeo linatoka bila bisibisi. Kuna kidude upande wa kushoto, unakibonyeza, unavuta, komeo liko mkononi. Ukitaka kutenganisha chuma na mbao, ni skrubu chache tu. Kizuizi cha usalama kina hatua tatu: ya kwanza bunduki iko tayari, ya mwisho kila kitu kimefungwa, hata komeo, ya katikati haiwezi kufyatuka lakini komeo linafunguka, ili uweze kutoa risasi bila kujiua. Mtu aliyebuni hatua ile ya katikati alikuwa amefikiria mtumiaji mwenye mikono inayotetemeka. Sijui ni programu ngapi nilizoandika ambazo zina hatua ya katikati.

Tulipotoa mbao, chini ya mtutu karibu na chemba, mahali ambapo mnunuzi haoni kamwe, palikuwa na tarakimu mbili ndogo: 53. Winchester walikuwa na desturi ya kupiga mwaka wa mtutu pale. Babu ameimiliki bunduki hii miaka hamsini na zaidi bila kujua kwamba mtutu wake ni wa 1953. Alicheka sana. "Kumbe ni mwenzangu. Mimi ndio nilikuwa naanza kuchunga mbuzi."

Sasa hadithi ambayo kila mwandishi wa programu anapaswa kuisikia. Mwaka 1964 Winchester waliibadilisha Model 70. Gharama za mafundi zilikuwa zimepanda, na mashine zingefanya kazi kwa bei nafuu. Ukucha mrefu ukaondolewa, pakawekwa kidude kidogo. Michoro ya kushikia kwenye mbao, iliyokuwa ikikatwa kwa mkono, ikawa inagandamizwa kwa mashine. Bunduki mpya ilipiga, tena ilipiga sawasawa. Lakini wawindaji walikasirika vibaya, na mpaka leo wauzaji huandika "kabla ya 1964" kwenye matangazo na bei inapanda. Katika miaka ya 1990 kampuni ilirudisha ukucha mrefu. Kiwanda cha zamani cha New Haven, Marekani, kilifungwa mwaka 2006. Jina la Model 70 bado liko sokoni, na ukucha umo, ila ile kazi ya mkono ya kabla ya 1964 imekwenda na watu wake. Wacheki nao wamepita njia hiyo hiyo: waliiacha CZ 550 iliyokuwa na ukucha, na mwaka 2021 wakatoa CZ 600 isiyo nao.

Je, waliokasirika walikuwa wazee wasiopenda mabadiliko? Baadhi yao, ndiyo. Lakini walikuwa na hoja. Waliondolewa kitu kilichokuwa kikiwalinda siku mbaya, wakaambiwa kwamba siku nzuri hawataona tofauti. Ni kweli hawataona. Tatizo ni ile siku mbaya.

Hapa kwetu kuna siku nyingine iliyobadilisha kila kitu. Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilivunjwa mwaka huo huo. Usiku mmoja bunduki zote nzuri za Nairobi, Nanyuki, Meru na Embu zikawa kama programu iliyoandikwa kwa mashine ambayo haipo tena. Zinafanya kazi, ila hakuna kazi.

Nisieleweke vibaya. Silii marufuku hiyo, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeikazia. Kenya ilikuwa na ndovu wanaokadiriwa 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Hapa Meru tunajua habari hizo kwa uchungu wetu wenyewe. Mwaka 1988 majangili waliingia Hifadhi ya Taifa ya Meru na kuwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi. Agosti 1989 George Adamson, yule mzee wa simba, aliuawa kwa risasi Kora, ng'ambo ya mto Tana. Silaha za vita, zile za kufyatua mfululizo, ndizo zilizotumaliza miaka ile. Lakini simlaumu mtu anayesema bunduki ni bunduki. Akina mama wa Igembe na Tigania, wanaoishi mpakani kwenye wizi wa mifugo, hawaulizi kama iliyopiga ilikuwa na mbao nzuri.

Basi kwa nini mtu aendelee kumiliki bunduki ya kuwindia katika nchi isiyowinda? Jibu la Babu lilikuwa shamba. Lakini uzio wa umeme wa Mlima Kenya ulianza kujengwa mwaka 2012, na ndovu akitoka leo unapigia simu KWS, humpigi wewe. Jibu langu mimi lilikuwa moja tu: ni kitu kilichotengenezwa vizuri. Nimelipima jibu hilo, nikaona halitoshi. Redio ya zamani ni kitu kilichotengenezwa vizuri. Redio haiui jirani ikiibwa.

Mwezi wa tatu nilimsindikiza Babu kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, yeye na cheti chake, mimi na chupa ya chai. Aliweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Alipiga risasi tano kwa mita mia moja, polepole, akitoa kila ganda na kulipanga mezani kama vikombe. Matundu yote matano yangefunikwa na kisahani cha kikombe. Kijana wa pembeni yangu mwenye bastola mpya alikuja kuangalia karatasi, akamwamkia, "Shikamoo Mzee," akarudi mahali pake kimya.

Bunduki ya 1953 ilikuwa ikila risasi zilizotengenezwa juzi. Hii siyo bahati. Risasi yake ni ya aina ya .30-06, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo bado inatengenezwa na viwanda vingi duniani. Aliyenunua bunduki ya kifahari zaidi ya Kiingereza hakuwa na bahati hiyo. Kila nyumba kubwa kule Uingereza ilikuwa na risasi yake: .350 ya Rigby, .318 ya Westley Richards, na kadhalika. Kampuni ya Kynoch ndiyo iliyozilisha nyingi kati ya hizo. Kynoch ilipoziacha aina hizo katika miaka ya 1960 na 1970, bunduki za thamani kubwa zikabaki na njaa. Hata .416 ya Rigby, ambayo Harry Selby alinunua yake Nairobi mwaka 1949 kwenye duka la May and Company na ikaja kuwa maarufu kupitia maandishi ya Robert Ruark, ilikaribia kusahaulika mpaka viwanda vya Marekani vilipoanza tena kutengeneza risasi zake mwishoni mwa miaka ya 1980.

Nimeona jambo hilo hilo hapa Meru, ila kwa mizani. Mwaka 2023 chama kimoja cha ushirika kiliniita kwa sababu kompyuta yao imekufa. Diski niliiokoa. Lakini kumbukumbu za miaka minne ya kilo za wakulima zilikuwa kwenye mtindo wa faili ambao programu moja tu iliweza kuusoma, na waliouza programu hiyo walishafunga duka. Nilikaa wiki tatu nikikisia baiti moja baada ya nyingine. Wakulima walikuwa nje, wanasubiri malipo yao. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya bunduki yenye njaa. Uzuri wa kazi hauokoi kitu. Kinachookoa ni kiwango ambacho wengi wanakishika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza kila raia mwenye leseni ya bunduki ahakikiwe upya, na kumbukumbu ziingizwe kwenye mfumo wa kompyuta. Jambo jema kabisa. Babu alikwenda, akapimwa, akapita. Lakini katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mtu aliyekuwa akichapa namba ya bunduki alibadilisha nafasi za tarakimu mbili: 38 ikawa 83. Kosa la sekunde moja. Lilipogunduliwa baadaye, mzee ambaye hajawahi kulala rumande aliulizwa kwa nini ana bunduki isiyo kwenye rejista, na ile iliyo kwenye rejista ameipeleka wapi. Fikiria swali hilo likiulizwa kwa sauti ya polisi!

Aliokolewa na ile karatasi ya 1974 yenye rangi ya chai. Karatasi ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, na wino ukashinda mfumo.

Kadi yako ya benki ina tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Ni mbinu ya Hans Peter Luhn wa IBM, ya miaka ya 1950, na namba ya kutambulisha simu yako inaitumia pia. Ukibadilisha 38 kuwa 83, mashine inakataa papo hapo. Namba za bunduki za zamani hazina tarakimu hiyo. Kwa hiyo anayejenga rejista ya vitu vya zamani hana budi kuijengea ulinzi wake: namba ichapwe mara mbili na watu wawili tofauti, na picha ya namba kwenye chuma chenyewe iwekwe kando yake. Hii ni kazi ya siku moja kwa mwandishi wa programu. Kwa Babu ilikuwa miezi minne ya kupanda matatu kutoka Runyenjes.

Nyumba za zamani kama Rigby na Holland & Holland ziliandika kila bunduki kwenye daftari: namba, aina, tarehe, mnunuzi. Leo mtu akiwa na bunduki ya Rigby ya zaidi ya miaka mia anaweza kuuliza ilitoka lini na kwenda kwa nani, na akajibiwa. Karani mwenye kalamu ya wino aliandika kumbukumbu inayosomeka baada ya miaka mia. Mimi niliandika moja iliyoshindwa kusomeka baada ya miezi kumi na nane, na ninayo shahada.

Basi msimamo wangu ni huu. Silaha haramu zichomwe, sina ubishi. Serikali ilichoma 5,250 kule Ngong Novemba 2016, na mimi nilifurahi. Lakini bunduki halali ya zamani, yenye karatasi na mwenye kuitunza, isichukuliwe kuwa chuma chakavu mwenyewe anapozeeka. Na anayeipenda asijidanganye kwamba kuipenda kunatosha. Nadai mambo matatu: iwe inalishwa na risasi ya kawaida, iwe inafunguka na kurekebishwa na fundi yeyote mwenye leseni, na historia yake iwe imeandikwa mahali pawili. Isiyo na mwenye kuipiga tena ilemazwe na ipelekwe makumbusho. Hapa Meru tunayo, kwenye jengo la zamani la mkuu wa wilaya, na mtoto wa shule ataelewa mwaka 1977 kwa kuiona kuliko kwa kukariri.

Je, mimi niirithi? Sheria haiachi bunduki irithiwe kama saa ya ukutani. Lazima niombe cheti changu mwenyewe, nipimwe, nieleze sababu. Nimekaa na fomu mbele yangu usiku kucha. Ninaishi kwenye chumba cha kupanga Meru mjini, ukuta wa mbao upande mmoja. Sina nyati. Sababu yangu ingekuwa "naipenda," na nikiwa afisa ningejikatalia.

Nilimwambia Babu hivyo, nikitarajia atavunjika moyo. Akanyamaza kidogo. "Umesema vyema. Basi tafuta anayeipiga. Chuma kisichofanya kazi kinashika kutu."

Kwa hiyo tunaiuza kupitia muuzaji mwenye leseni kwa mpiga shabaha mwenye cheti, mtu atakayeipeleka uwanjani mara kadhaa kwa mwaka na kuipaka mafuta. Wiki iliyopita nilipiga picha 41: namba, komeo, ile 53 chini ya mtutu, cheti cha 1974, karatasi yenye matundu matano. Niliandika historia yake kwenye faili la maandishi matupu, lisilohitaji programu ya mtu yeyote, kisha nikaichapisha kwenye karatasi nzuri. Nakala moja itakwenda na bunduki, nyingine inabaki Runyenjes. Babu aliisoma yote kwa miwani yake, akasahihisha jina la mto mmoja, akatia sahihi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kama kwenu kuna mzee mwenye cheti cha bunduki, mwombe akae nawe mchana mmoja, mlinganishe namba ya kwenye chuma na namba ya kwenye rejista, tarakimu kwa tarakimu. Na kama wewe ni mwandishi wa programu, fungua leo kumbukumbu uliyoandika miaka mitano iliyopita, uone kama inafunguka.

Yangu ni hayo. Mkiwa na la kuongeza au la kunikosoa, karibuni. Tuonane tena, inshallah kabla ya kahawa kuanza kuiva.